Miaka Yangu na Summoners War Bila Kununua Fuwele

Kazi yangu ni ukarani wa dagaa katika soko la Kirumba Mwaloni hapa Mwanza, na kazi hiyo inafuata mwezi. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukipevuka, taa hazimvuti tena samaki, wavuvi wanapumzika na mwaloni panapoa. Siku za giza hatulali vizuri: mzigo unashuka alfajiri, ndoo zinahesabiwa, wanunuzi wa kutoka Kongo na Burundi wote wanataka stakabadhi zao kwa wakati mmoja. Siku za mbalamwezi ni za kusubiri. Katika kusubiri huko ndipo nilipoanza kucheza Summoners War, gemu la simu, na nimeendelea kwa miaka sasa bila kununua chochote ndani yake, hata fuwele, yaani sarafu ya gemu inayouzwa kwa pesa halisi.

Naandika kwa ajili ya vijana wa mjini kwetu wanaolipakua gemu hili kwa hamu, wakalicheza mwezi mmoja, kisha wakalifuta wakisema halina njia kwa asiye na pesa. Njia ipo. Ila haipiti pale wanapoitafuta, yaani kwenye kukimbiza viumbe wa nyota 5, walio adimu kuliko wote.

Kwa asiyelijua: lilitolewa mwaka 2014 na Com2uS, kampuni ya Korea Kusini. Unapewa kisiwa kinachoelea angani, unaita viumbe kwa skroli, unawalea, unawavalisha mawe ya nguvu yaitwayo runi, halafu unawapeleka vitani kwa kikosi cha wanne au watano. Kila kiumbe ana asili yake: maji, moto, upepo, nuru au giza. Moto unaushinda upepo, upepo unayashinda maji, maji yanauzima moto. Nuru na giza zinaumizana zenyewe kwa zenyewe. Kila familia ina ndugu watano wa asili hizo, sura zinazofanana lakini uwezo tofauti kabisa, na hapo ndipo utamu wa kukusanya ulipo. Kila pigano linakula nishati, na nishati inarudi yenyewe, 1 kila baada ya dakika 5.

Babu yangu, mzaliwa wa Ukerewe aliyevua tangu utotoni, aliwahi kukaa nami barazani nikiwa napitia orodha ya viumbe wangu. Akauliza, "Hawa wote si mmoja?" Nikamwonesha kwamba huyu wa moto anadhoofisha ulinzi wa adui, yule wa upepo anaongeza nguvu za wenzake, ingawa wote wana mabawa yaleyale. Akafurahi, akaanza kunisimulia habari za furu. Walikuwa wa aina mamia humu ziwani, wengine wa miambani, wengine wa matopeni, wengine wenye taya za kuvunjia konokono, na mtu wa mjini akiwaona kwenye kapu alidhani ni samaki mmoja. Sangara alianza kuletwa ziwani miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zimetoweka. Babu aliyasema hayo kwa uchungu wa mtu aliyewajua mmoja mmoja. Tangu siku ile nasoma maelezo ya kila kiumbe wa kawaida kabla sijamfanya chakula cha mwingine. Wachezaji wengi hawasomi. Wanaona nyota mbili au tatu, basi.

Twende kwenye hizo nyota. Skroli inayotamaniwa na kila mchezaji, Mystical Scroll, hutoa viumbe wa nyota 3, 4 au 5. Viwango vyake vimewekwa wazi: nyota 3 ni asilimia 91.5, nyota 4 ni asilimia 8, nyota 5 ni asilimia 0.5. Kuwekwa wazi huko kuna historia. Uchina ilianza kuzidai kampuni za magemu zitangaze viwango mwaka 2017, Apple ikaweka sharti la namna hiyo kwenye duka lake la programu mwishoni mwa mwaka huohuo, na Korea Kusini imelifanya kuwa takwa la sheria tangu Machi 2024. Ubelgiji ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2018 mamlaka yake ya michezo ya kubahatisha ilitamka kwamba masanduku ya bahati yanayouzwa kwa pesa ndani ya magemu ni kamari. Kwa hiyo namba zipo, mtu yeyote anaweza kuzisoma. Kuzielewa ndiko kunakohitaji kukaa chini.

Mpwa wangu anasoma sekondari na anaishi nasi Pasiansi. Siku moja alinifuata mezani kwangu mwaloni, hoja yake ameshaipanga.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Shule mmetoka saa hizi?"

"Ndiyo, mjomba. Nina jambo naomba unisikilize. Mama amenipa hela ya nauli na ya madaftari. Nikibana kidogo, nikawa natembea kwa miguu, naweza kununua pakiti za fuwele. Skroli moja ina asilimia 0.5 ya kutoa nyota 5. Sasa 200 mara 0.5 ni 100. Kwa hiyo nikifikisha skroli 200, lazima nimpate."

Ilikuwa hesabu ya mtu anayefikiri, na sikutaka kuipuuza. Nikageuza daftari la mapokezi upande wa nyuma, nikamwambia tuache kuhesabu kupata, tuhesabu kukosa. Skroli moja ina nafasi 0.995 ya kukosa nyota 5. Mbili kukosa zote ni 0.995 mara 0.995. Tatu, unazidisha tena. Tukaendelea kwa kikokotoo cha simu. Ukifungua skroli 100, nafasi ya kukosa zote ni karibu asilimia 61. Ukifungua 200, karibu asilimia 37. Maana yake wachezaji mia moja wakifungua skroli 200 kila mmoja, kama 37 wataondoka bila nyota 5 hata moja, na hawatakuwa wamefanya jambo lolote vibaya. Hata skroli 400 zinaacha kama 13 mikono mitupu.

Akakaa kimya akiitazama ile 37. Kisha akauliza swali zuri: "Na nikishafungua 200 nikakosa, ile ya 201 si itakuwa na nafasi kubwa zaidi? Maana zamu yangu itakuwa imekaribia."

Hapana. Skroli ya 201 haijui kama kulikuwa na 200 kabla yake. Ni asilimia 0.5 ileile. Na hata nyota 5 ikitoka, ni mmoja kati ya kundi kubwa, si lazima awe yule uliyemwona kwenye video akiangusha maadui kwa pigo moja. Ukitaka kiumbe fulani kwa jina lake, ile asilimia 0.5 inabidi uigawe tena kwa wote walioko kundini.

Hakununua. Nami sikumkataza, pesa ile ilikuwa ya mama yake, kwa hiyo nilimwambia akamweleze mama yake alichotaka kufanya na alichokihesabu. Alikwenda, akamweleza yote, hata ile habari ya kutembea kwa miguu. Ninaamini kusema vile kulimgharimu zaidi kuliko hesabu yenyewe, na nilimheshimu kwa hilo.

Sina ugomvi na mtu mzima anayelipia kwa pesa yake. Magemu ya bure huendeshwa na hao wanaolipa, na ndio wanaotuwezesha sisi wengine kucheza. Ninachotaka kila mtu ajue, hasa mtoto mwenye simu ya mzazi mkononi, ni kwamba anayelipia skroli hanunui kiumbe. Ananunua nafasi, na ukubwa wa nafasi hiyo umeandikwa.

Asiyelipa ana hesabu nyingine ya kuijua, nayo ni gharama ya kulea. Kiumbe wa nyota 3 hufika leveli 25, wa 4 hufika 30, wa 5 hufika 35, wa 6 hufika 40. Kumwongezea nyota lazima kwanza afike leveli yake ya mwisho, kisha unamlisha viumbe wenye nyota sawa na zake: wa 3 anakula watatu, wa 4 anakula wanne, wa 5 anakula watano. Ukianza chini kabisa na kujumlisha wote, kiumbe mmoja wa nyota 6 amebeba ndani yake viumbe 120 wa nyota 3, ukiacha misaada kama Rainbowmon inayofupisha safari. Mtu akishaiona namba hiyo anaelewa kwa nini rafiki yake anayelea viumbe kumi kwa mpigo amekwama mahali pamoja. Nishati yake inamwagika kila upande, hakuna anayekua.

Kwa hiyo mimi humwambia kila anayeanza: chagua kiumbe mmoja atakayewalea wengine. Awe na uwezo wa kupiga maadui wote kwa pamoja, awe anaweza kusimama peke yake. Huyo mpe kila kitu mpaka afike nyota 6. Kisha mpeleke Faimon, eneo la gemu lenye volkano, akiwa amebeba wadogo watatu wasio na kazi zaidi ya kusimama na kupokea uzoefu. Ni kazi ya kurudiarudia na gemu linaweza kuirudia lenyewe huku wewe unapima mzigo. Lakini kuanzia hapo kila kiumbe unayemtaka anakua kwa mgongo wa huyo mmoja.

Baada yake kinafuata kikosi, na kikosi kilichowavusha wachezaji wengi duniani kwenye pango la Jitu, ghorofa ya B10, hakihitaji bahati. Shannon, Pixie wa upepo, huzaliwa na nyota 2 tu. Anawaongezea wenzake shambulio na ulinzi. Bernard, Griffon wa upepo, anaharakisha kikosi kizima. Belladeon, Inugami wa nuru, anamvua adui baraka zake, anadhoofisha ulinzi wake na anaponya. Darion wa nuru anapunguza maumivu ya wenzake. Hawa watatu wa mwisho huzaliwa na nyota 3. Wa tano ni Veromos, Ifrit wa giza, ambaye kweli ni nyota 5, lakini hapatikani kwa kubahatisha: unamuunda kwa kuunganisha viumbe wanne uliowalea mwenyewe. Kila zamu yake inapofika, anawaondolea wenzake athari mbaya. Ni nyota 5 ambaye gemu limemwacha wazi kwa kila mwenye subira, na nashangaa kila ninapokutana na mchezaji wa miezi mingi ambaye hajawahi hata kufungua ukurasa wa muungano.

Sehemu iliyonifundisha zaidi, hata hivyo, ni runi.

Kiumbe ana nafasi sita za runi. Nafasi ya 1, 3 na 5 zina sifa kuu isiyobadilika: shambulio, ulinzi na uhai. Nafasi ya 2, 4 na 6 ndizo za kuchagua, na ya 2 pekee ndiyo inayoweza kubeba kasi kama sifa kuu. Runi pia huenda kwa seti. Nne za Swift zinaongeza kasi kwa asilimia 25. Mbili za Energy zinaongeza uhai kwa asilimia 15. Nne za Fatal zinaongeza shambulio kwa asilimia 35. Nne za Despair zinatoa nafasi ya asilimia 25 ya kumduwaza adui akapoteza zamu. Zote hizo zinapatikana kwa Jitu, ndiyo maana ninawasukuma watu waende kwake kabla ya pango la Joka. Runi moja hupandishwa hadi +15. Ikifika +3, +6, +9 na +12, moja ya sifa zake ndogo huongezeka au mpya huzaliwa.

Kwenye sifa ndogo ndiko watu wanakotupa mali. Anayeanza anaangalia rangi: ya chungwa anaitunza, ya zambarau anaifikiria, ya bluu anaiuza bila kuifungua. Nilifundishwa kazi na wazee wa mwaloni, na mnunuzi mzoefu hahukumu gunia kwa dagaa wa juu. Anaingiza mkono hadi katikati, anatoa wachache, ananusa, anavunja mmoja asikie kama amekauka. Ndivyo ninavyosoma runi. Chukua ya bluu ya nyota 6 yenye sifa ndogo mbili, kasi na asilimia ya uhai. Ikifika +3 na +6, kinachoongezeka ni moja kati ya hizo mbili tu, kwa hiyo kila mara kasi ina nusu ya nafasi. Runi ya chungwa ina sifa nne za kugawana. Kasi inapata robo. Na kwenye runi ya nyota 6, kasi ikiguswa inapanda kwa 4 hadi 6 kwa mara moja. Ninaipandisha ile ya bluu mpaka +6, nasimama, nasoma. Kama kasi imeguswa mara mbili, nimepata kitu ambacho wengine wamekiuza. Kama haikuguswa, naiuza na mimi, nguvu kidogo tu imetumika, nakwenda kwa inayofuata.

Simaanishi kwamba ya chungwa haina thamani. Ya chungwa nzuri inazidi zote. Lakini ni chache, na anayezingoja hizo peke yake anawaacha viumbe wake uchi miezi yote ya kungoja.

Kwa nini kasi? Kwa sababu vita vya gemu hili havina zamu za kupokezana. Kila kiumbe ana mstari wake unaojaa kulingana na kasi; ukijaa, anacheza. Mwenye kasi 200 anacheza mara mbili wakati mwenye kasi 100 anacheza mara moja. Mponyaji wako akiwa na kasi, anaponya kabla adui hajarudia pigo. Shannon akiwa na kasi, ulinzi unapanda kabla ya pigo la kwanza. Runi nzuri ya kasi kwenye nafasi ya 2, ikipandishwa hadi +15 na ikiwa ya nyota 6, inatoa 42 peke yake. Mara nyingi nimeona kikosi kilekile kilichokuwa kinakufa mbele ya Jitu kinamwangusha kwa kubadilishwa runi za nafasi ya 2, bila kiumbe mpya hata mmoja kuingia.

Mpwa wangu alipolielewa hili, mazungumzo yetu yalibadilika. Zamani aliniuliza, "Mjomba, leo umetoa nani?" Sasa ananiletea simu na kuuliza, "Mjomba, hii niipandishe au niiache?" na anataka sababu.

Belladeon hatukumpata kwa skroli. Ukipigana katika ukumbi wa nuru, mara nyingine hufunguka pango la siri la kiumbe fulani, nalo hubaki wazi kwa saa 1. Marafiki zako kwenye gemu nao wanaweza kuingia na kukusanya vipande vya kiumbe huyo; vikitimia, wanamwita bila kubahatisha. Hapa ndipo gemu hili liliponikutanisha na watu. Tuna kikundi cha WhatsApp cha wachezaji wa Mwanza: mafundi simu wa Kirumba, wanafunzi kadhaa wa Nyegezi, dereva wa bodaboda wa Buzuruga, dada mmoja anayeuza makava ya simu Makoroboi, na wengine ambao sijawahi kuonana nao uso kwa uso. Anayefunguliwa pango la Inugami wa nuru anaandika mara moja: "Inugami wa nuru, limefunguka sasa hivi, njooni." Yule wa bodaboda anaegesha kijiweni, anaingia raundi zake, anarudi kazini. Mwenye bando lililokwisha anasogea kwa mwenye hotspoti.

Taratibu zetu hakuna aliyeziandika, lakini wote tunazifuata. Pango linatangazwa likiwa bado bichi, si dakika kumi kabla ya kufungwa. Aliyetimiza vipande vyake anaendelea kufungua kwa ajili ya wengine. Mgeni anasaidiwa kwanza. Na wanafunzi wakiwa kwenye mitihani, tunawaambia waziwazi wazime simu, kwa sababu pango la Inugami litafunguka tena na tena mwaka mzima, wala hakuna atakayewacheka kwa kuchelewa. Mpwa wangu alitimiza vipande vyake kwa mapango ya watu sita au saba tofauti, wengi wao wasiomjua hata kwa sura. Alipomwita Belladeon wake, kikundi kizima kilimpongeza, na mtu wa kwanza kumwandikia alikuwa yule wa bodaboda.

Kuhusu bando, haraka tu. Mapigano yenyewe hayali data nyingi. Kinachokula ni masasisho, na hayo ninayapakua kwa bando la usiku. Nikivuka kwenda Nansio kwa kazi, mtandao unakatika katikati ya ziwa. Pigano la mapangoni linaendelea ndani ya simu hata mtandao ukipotea, na matokeo yanatumwa mwishoni. Likikuuliza kama ujaribu kutuma tena, usilifunge gemu, iache simu ilivyo mpaka meli ikaribie nchi kavu, kisha utume. Uwanja wa kupambana na watu moja kwa moja usiuguse ukiwa melini. Na pawabenki iwe imejaa kabla ya kutoka Mwanza.

Yule dada wa Makoroboi ndiye mchezaji bora kati yetu, na hajawahi kuwa na kikosi cha kutisha. Anajifunza kwa kutazama mashindano ya dunia ya gemu hili, yaliyoanza mwaka 2017 na kufanya fainali zake Los Angeles, mwaka uliofuata Seoul, kisha Paris mwaka 2019. Kwenye mapambano hayo kila mchezaji anachagua viumbe watano kwa zamu, kisha kila mmoja anamzuia mmoja wa mpinzani, wanabaki wanne kwa wanne. Dada huyo anaisimamisha video baada ya kila chaguo na kujiuliza kwa nini. Siku tuliyokutana kwenye meza yake, nikiwa nimekwenda kununua kioo cha simu, alinieleza jambo ambalo nimelitumia tangu hapo: unatanguliza kiumbe anayeogopwa ili mpinzani apoteze zuio lake kwa huyo, kisha yule unayemtegemea kweli anabaki. "Kaka, watu wanadhani nikimweka huyu mbele ndiye ninayemtegemea," aliniambia huku akimpa mteja chenji. "Mimi namtegemea Bernard wangu. Bernard hakuna anayemzuia." Alikuwa amemlea Bernard yule mpaka runi zake zote sita zilikuwa na kasi ndani yake, karibu zote za bluu na zambarau. Nilimwomba anioneshe moja moja, tukasogeza viti, na kioo cha simu nikasahau kukichukua mpaka aliponiita nikiwa nimeshavuka barabara.

Ninayaleta haya ya dada kwa sababu kuna watu, hata kwenye familia yangu, wanaoliona gemu kama muda uliopotea. Wana haki ya kuuliza. Jibu langu ni kwamba inategemea unachofanya ukiwa ndani. Anayebonyeza skroli na kusubiri mwanga wa dhahabu anapata msisimko wa sekunde moja, kisha anahitaji skroli nyingine. Anayepanga kikosi, akasoma, akajaribu, akaona wapi kilipovunjika, akarekebisha, huyo amefanya kazi ya akili, na siku ya pili anajua zaidi ya jana. Mwalimu wa hesabu wa mpwa wangu alipofika kwenye sura ya uwezekano, kijana alinyoosha mkono na kuieleza ile habari ya 0.995 darasani. Mama yake ndiye aliyenisimulia, akicheka kwa furaha, na tangu siku hiyo hajaniuliza tena kwa nini namfundisha mtoto gemu.

Sasa hivi mpwa wangu yuko kwa Joka, B10, na anakufa. Veromos wake ameshamuunda, runi za Swift anazo za kutosha viumbe wawili, na swali ni nani wa pili azivae. Mimi nasema Bernard amtangulie kila mtu, na Belladeon avae seti tatu za Energy ili uhai wake uwe mkubwa asife mapema. Dada wa Makoroboi anasema Belladeon ndiye mwenye kazi kubwa pale, maana Joka akijipa kinga na hakuna wa kumvua kwa wakati, pigano limekwisha; apewe Swift, na Bernard asubiri. Tumebishana kikundini siku kadhaa kwa ujumbe wa sauti mrefu. Kijana ameamua kujaribu zote mbili, na amefungua daftari ambalo kwenye kila pigano anaandika nani alikufa kwanza, Joka alibaki na uhai kiasi gani, na Belladeon alikuwa amecheza mara ngapi mpaka hapo. Mpaka jana jioni kurasa zile zilikuwa zinaelekea upande wa dada.